Synology DS923+: hifadhi imara, ila isiachwe bila UPS
Kwa ofisi ndogo inayotunza hesabu za wateja, ninaipendekeza Synology DS923+, kifaa cha kuhifadhi data kwenye mtandao wa ofisi chenye nafasi 4 za diski, mradi iunganishwe na UPS (kifaa chenye betri kinachoendeleza umeme kwa muda unapokatika) kwa waya wa USB, kwa kuwa umeme unapokatika hupata taarifa kutoka kwa UPS, humaliza kuandika data iliyokuwa bado kwenye kumbukumbu ya muda, kisha husimamisha huduma zake kwa usalama kabla betri haijaisha. Diski 4 zikipangwa kwa RAID 6, aina mojawapo ya RAID (mpango wa kugawa data kwenye diski kadhaa ili moja ikifa data isipotee), mbili zinaweza kufa na data ikabaki salama. RAID 5 huvumilia moja tu, jambo linalotia wasiwasi wakati diski mpya, iliyowekwa badala ya iliyokufa, inajazwa data. Nakala nyingine nje ya jengo ni lazima, kwani RAID haizuii wizi wala faili kufutwa.