Choo cha kwenye boti: kabla hujalipa, uliza bomba la hewa

Hili jambo nimelikwepa muda mrefu kwa sababu kila nikilikumbuka naisikia ile harufu upya, ila wiki iliyopita kaka mmoja wa Mombasa anayeishi Birmingham kaniuliza, dada, kodi ya nyumba imenishinda, nataka ninunue naroboti nihamie humo, dalali ananiambia ina choo cha pampauti kizuri tu, kile ambacho mzigo unakaa kwenye tangi mpaka mashine ije iunyonye, nichukue? Nikamwambia kaka subiri, usimpe mtu hata senti, ngoja nikuandikie.

Kwa wasiozijua, naroboti ni zile boti ndefu nyembamba za kwenye mifereji ya Uingereza, upana wake hata futi 7 haufiki, na watu wanaishi humo mwaka mzima na watoto na paka. Mie niko kwenye yangu London, leo Mto Lea kesho mfereji wa Regent's, sina maegesho ya kudumu kwa hiyo kila baada ya siku 14 lazima nisogee. Choo hakijaunganishwa na mfumo wowote wa mji. Unachokitoa unakaa nacho humo humo ndani mpaka ukakimwage panaporuhusiwa, na kukimwaga mferejini ni marufuku kabisa. Sa sitaongelea rangi wala kiti kiwe cha plastiki au cha kauri, hayo utayaona mwenyewe kwa macho. Mie naongelea hewa, kwa sababu hakuna anayeiongelea.

Boti yangu niliinunua mwezi wa tatu, baridi bado kali. Choo cheupe cha kauri, unabonyeza kitufe, maji yanakuja, pampu inasaga, mzigo unakwenda kwenye tangi la plastiki la lita 250 lililokaa chini ya kitanda. Dalali akasema hiki ndo choo cha watu wazima. Nilimlipa mkaguzi akaja akagonga gonga chuma chote, akaandika kurasa 20 na zaidi, na hakuna hata mstari mmoja kuhusu katundu kadogo ubavuni mwa boti, upana wa kidole gumba, ambako ndo tangi lote lile linatolea pumzi.

Mwezi wa sita joto likaja. Wallahi nilikuwa naamka usiku kichwa kinaniuma, chumba kinanuka mayai viza, nikinyanyua godoro ndo kabisaa. Nikanunua dawa ya choo ya bluu, nikaongeza, nikaongeza tena, harufu ikawa ile ile ila sasa imechanganyika na marashi. Siku ya kunyonya tangi nikaenda marina, yani kibandari cha boti, yule jamaa akachomeka mpira wake akawasha mashine, mie niko ndani nashika kitanda, nikasikia paa! kama mtu kakanyaga dumu tupu. Ubavu wa tangi umeingia ndani na mshono wa kona umeachia. Yani mashine inavuta, hewa ya kujaza nafasi haiingii, tangi likajikunja. Fundi alivyofungua kile kibomba cha hewa akanionyesha kwenye kiganja: karatasi ya choo iliyokauka imekuwa ngumu kama udongo wa kichuguu, imeziba kote. Aliyekuwa na boti kabla yangu alilijaza tangi mpaka likapanda kwenye bomba, na hakumwambia mtu.

Baba yangu alikuwa bwana afya Muheza, kazi yake ilikuwa kupita nyumba hadi nyumba kuangalia vyoo vya shimo, na nilipokuwa mdogo nilimwona mara nyingi akisimama nyuma ya choo cha watu ameinua shingo anatazama bomba la hewa limepita paa au halijapita, na wavu wa nzi uko juu au umetoboka. Nilipompigia simu, shikamoo baba, nikamweleza yote, hakuuliza bei wala tangi la kampuni gani. Akauliza lina bomba la hewa? Nikamwambia lipo baba, dogo. Dogo kiasi gani? Kama kidole gumba. Akanyamaza, kisha akasema mwanangu, hilo sio bomba.

Na ndivyo ilivyo, nimekuja kusoma baadaye nikaona mzee alikuwa sahihi. Kwenye kinyesi kuna vijidudu vinavyotaka hewa na visivyotaka. Vinavyotaka hewa vinaozesha mzigo bila harufu ya kukufukuza. Ukiwanyima hewa wanashika nafasi wale wengine, na hao ndo wanatengeneza gesi ya mayai viza. Matangi mengi ya boti yamefungwa bomba la hewa la milimita 19, na mara nyingi limezungushwa zungushwa nyuma ya makabati, lina mabonde ambayo maji yanatuama. Linalotakiwa ni la milimita 38, fupi, limenyooka, na ikiwezekana yawe mawili, moja kila ubavu ili upepo uingie huku utokee kule. Kubadilisha sio gharama ya kutisha wakati tangi liko tupu. Na zile chujio za mkaa wanazokuuzia uzipachike mwisho wa bomba la hewa, usinunue, zinapunguza pumzi na zikilowa zinaziba.

Haya, sasa naanza na ninachokipenda, na sifichi, napenda vyoo vya kampuni ya Thetford.

Namba moja ni Porta Potti 365 ya Thetford. Ni choo cha kubeba, juu maji safi, chini tangi la lita 21, unavitenganisha unaondoka na la chini peke yake. Yangu nilinunua pauni 120 baada ya lile balaa na nikanunua na tangi la chini la spea, hilo la spea ndo siri ya kuishi kwa amani kwa sababu moja likijaa unachomeka jingine, haukimbilii kumwaga usiku wa mvua. Mie peke yangu linanitosha siku nne. Lakini nilichokipendea hasa ni kitufe kidogo cha hewa kwenye lile tangi la chini. Unapomwaga unalishika tangi, mdomo unauelekeza kwenye karo, unabonyeza kile kitufe kwa kidole gumba na kukishikilia, basi unatoka mkondo mmoja laini mpaka mwisho. Ukisahau kukibonyeza linakwenda gubu gubu gubu na kila gubu linakurukia miguuni. Nimewaona watu wazima wanaachia choo hiki wakisema kinachafua, ukiwauliza kitufe hawakijui. Kingine, kabla ya kukaa fungua kile kilango cha katikati taratibu, kwa sababu kukiwa na joto gesi inajaa na ukikivuta ghafla kinatema. Mpira wa kilango upake mafuta ya silikoni, usipake Vaseline, inauharibu.

Uzito ndo mtihani. Lita 21 ni kilo 21 na tangi lenyewe juu yake, na njia ya kando ya mfereji majira ya baridi ni tope tupu. Nunua kigari cha kukunja, na usingoje lijae mpaka juu. Unamwagia kwenye Elsan, ndivyo wanavyoviita vituo vya kumwagia, ni chumba chenye karo kubwa na mpira wa kusuuzia, unafungua kwa ufunguo wa wenye boti, na ukiwa na leseni hulipi kitu. Tafadhali bomba la maji ya kunywa liko hatua chache tu kutoka hapo, usisuuzie tangi pale, wapo wanaofanya na sisi wengine tunajaza maji ya chai kwenye bomba hilo hilo. Dawa nunua ya kijani, ile ya bluu yenye formalini inaua vijidudu mahali ambapo kituo kinamwaga kwenye shimo la maji taka.

Na majira ya baridi ndo utakishukuru. Mfereji ukiganda boti haiendi popote, halafu kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu Canal & River Trust, wale wanaosimamia mifereji, wanafunga malango ya maji ambayo boti hupitia, hapa na pale, kwa matengenezo makubwa. Mwenye pampauti iliyojaa anabaki anahesabu siku, mwenye kaseti, yani tangi la kuchomoa na kubeba, anaburuta kigari chake kwenye theluji, ameshamaliza.

Namba mbili ni kaseti ya kujengea, Thetford hao hao, C200 na ndugu zake. Ni kile kile ila kimekaa kama choo cha nyumbani na tangi linachomolewa ubavuni, lita zinapungua kidogo kuliko 21, kitufe cha hewa nacho kipo. Mkiwa wawili au na mtoto chukueni hiki, na spea mbili. Pima kwanza upande wa mlango wa tangi, kwenye naroboti nafasi ni finyu na usipopima utajenga choo ambacho tangi halitoki.

Namba tatu choo cha kutenganisha, mkojo mbele, kikubwa nyuma kwenye maranda au unga wa makumbi ya nazi, na kifeni kidogo kinavuta hewa kutwa kucha. Hiki baba yangu angekipenda. Kwa harufu ndo kinashinda vyote, niliingia kwenye boti ya jirani wa Tottenham nikakaa saa nzima sikujua choo kiko upande gani. Sasa kwa nini nakiweka cha tatu? Kwa sababu zamani watu walikuwa wanafunga ule mzigo kwenye mfuko wanautupa kwenye mapipa ya Trust, na tangu mwisho wa 2021 hairuhusiwi. Lazima uuozeshe mwenyewe uwe mboji, na hiyo ni mwaka mzima au zaidi, sa wewe unayehama kila siku 14 utaweka wapi ndoo za mwaka mzima? Juu ya paa? Mwenye bustani au rafiki mwenye shamba achukue, asisite. Wengine hapana. Air Head na Nature's Head za Marekani bei yake inakaribia pauni elfu, halafu yale makumbi wanayokuuzia, yamebanwa matofali matofali na karatasi nzuri, mie nimekulia Tanga kwenye minazi, makumbi tulikuwa tunawashia moto, iliniuma sana kuyalipia.

Namba nne pampauti. Sisemi haifai, nasema usiichukue kwa neno la dalali. Kunyonya tangi mie nilikuwa natoa pauni 20 hadi 25 kila mara, na lazima boti nzima iende, sio wewe. Kama tayari iko kwenye boti uliyoipenda, fanya hivi: loweka kitambaa kisafi kwenye maji ya moto sana, kikamue, kifunge kwenye mpira unaotoka chooni kwenda kwenye tangi, kikipoa kichukue nje ukinuse. Kikinuka, mpira umeshanywa harufu na unabadilishwa wote. Tangi likiwa la chuma tazama kutu kwenye kona.

Vile vya bei rahisi visivyo na jina, na ndoo yenye mfuniko, weka kimoja cha dharura, yatosha.

Halafu bei jamani. Mpira ule ule wa milimita 38, duka la vifaa vya boti walinitajia karibu mara mbili ya duka la mafundi bomba wa nyumba, nikiwa nimeshika vyote viwili mkononi na sioni tofauti. Neno boti likishaandikwa kwenye karatasi basi pesa inapanda. Na dalali wangu nilipompigia kuhusu tangi alisema mauzo yameshafungwa, wakati yeye ndo alinionyesha choo kwa mkono wake akabonyeza na kitufe. Kulikata tangi na kulitoa chini ya kitanda kulinigharimu zaidi ya bei ya choo kipya mara tano.

Kaka wa Birmingham, Jumamosi ukienda kuiona hiyo boti beba rula na kitambaa na chupa ya maji ya moto. Zunguka nje utafute tundu la hewa la tangi, lipime, kisha ingia ndani ulifuate bomba lake mpaka mwisho, mwambie dalali anyanyue godoro. Ukikuta ni 19, gharama ya kubadilisha bomba na mpira itoke kwenye bei ya boti kabla hujasaini, na akikwambia wenzako wote wanaishi nalo hivyo hivyo, rudi nyumbani.