Ubao wa kupimia watoto niliochongesha Mafinga: miezi kumi kazini

Wenzangu wa afya ya jamii mmeniuliza sana ubao huu nimeutoa wapi, basi naandika mara moja. Nilimwagiza fundi seremala wa Mafinga auchonge kwa mbao za paini, shilingi 90,000. Ule wa zamani ulipasukia kwenye bodaboda, na Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji ilikuwa inakaribia. Siku hiyo huja kila baada ya miezi mitatu. Ukiikosa, kuna mtoto anakaa nusu mwaka bila kupimwa.

Nianze na kasoro. Siku ya kuuchukua niliukuta unang'aa vanishi, pembe zote zimepigwa msasa. Nikatoa rula yangu ya chuma ya mita moja, nikaisimamisha pale mtoto anapokanyaga. Ncha yake ikaangukia kwenye 101.2. Fundi alikuwa amebandika utepe wa vipimo kuanzia chini kabisa, akahesabu na unene wa kibao cha kukanyagia.

"Mama, sentimita moja tu hiyo," akasema.

Nikavuta kigoda, nikamweleza. Binti wa miezi 24 akipimwa amesimama, chini ya sentimita 79.3 huyo amedumaa. Mwenye 78.5 angesoma 79.7 kwenye ubao ule. Ningemwandika yuko sawa, mama yake angerudi nyumbani ametulia, na mimi ndiye ningekuwa nimempoteza. Tena ni Iringa hii, ambako utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, ilhali mahindi na viazi tunavuna wenyewe. Fundi akanyamaza. Akabandua utepe wote, akaubandika upya sifuri ikianzia juu ya kibao, nami nimesimama pale na rula yangu. Hakuniongezea hata senti. Kwa hilo nitarudi kwake.

Nina miaka 16 tangu nitoke wodini nije afya ya shule na jamii. Wodini mtoto analetwa akiwa anaumwa. Huku namfuata akiwa anacheza, na udumavu hauna homa wala kikohozi. Bila ubao ulionyooka, macho yangu yananidanganya, kwa sababu watoto wa rika moja kijijini wote wanalingana ufupi, na mama anaona wa kwake hana tatizo.

Kazini umenifaa. Ni mwepesi, naufunga mgongoni kwa kitenge nikipanda pikipiki kwenda kwenye mashamba ya chai. Wa chini ya miaka miwili tunamlaza: mama anashika kichwa kiguse kile kibao cha kukanyagia, mimi nakandamiza magoti taratibu, nasukuma kibao cha kuteleza hadi nyayo zote mbili ziguse. Mbao za asubuhi ni baridi na watoto wanalia, kwa hiyo natandika kanga nyepesi kwanza. Wa darasa la awali nawasimamisha; unafika sentimita 130, wanatosha wote.

Mwezi Juni ukungu wa Mufindi uliufanya uvimbe, kibao cha kuteleza kikakwama katikati ya foleni. Nilipaka mshumaa kwenye mfereji wake, kikarudi kuteleza, ila sasa narudia kila wiki ya baridi. Namba za kati ya 70 na 85 nazo zimeanza kufifia, maana ndipo mikono na kitambaa cha kufutia vinapopita zaidi. Bora angeziziba kwa plastiki ngumu.

Ukiagiza, nenda na rula yako ya chuma na usilipe kabla hujaisimamisha. Mwambie pia kibao cha kichwa kisicheze pembeni. Cha kwangu kinacheza kidogo, nakishika kwa mikono miwili kabla ya kusoma. Wiki ijayo nampelekea oda ya ubao wa pili, wa zahanati ya jirani.