Moshi hadi Tanga kwa baiskeli za kukodi, tukiifuata reli

Niseme mapema. Kama mna kundi la marafiki ambao nguvu zao hazilingani, na mnataka safari ya baiskeli ya siku kadhaa huku kwetu Kaskazini, msikimbilie milimani. Fuateni reli ya Tanga. Sisi tumeifuata kutoka Moshi mpaka baharini kwa baiskeli za kukodi kutoka duka moja la Moshi mjini. Ninaandika kwa kirefu kwa sababu kabla hatujaondoka nilitafuta mtu aliyewahi kukodi kwa safari ndefu nikamkosa. Kila niliyemuuliza alikuwa na habari za mzunguko wa nusu siku tu: maporomoko ya Materuni, kahawa, kisha mjini.

Kundi letu lilikuwa hivi. Shemeji yangu anashindana mbio za baiskeli na mapafu yake hayajui kuchoka. Rafiki yetu muuguzi aliendesha baiskeli mara ya mwisho akiwa shule ya msingi. Mwalimu wa sekondari kutoka Arusha ni mtu wa mazoezi, lakini ya kukimbia. Halafu mimi, niliye katikati yao. Watu wa namna hii ukiwapandisha barabara ya Mombo kwenda Lushoto, ikifika saa nne asubuhi mmoja yuko juu anasubiri, mwingine yuko chini anasukuma, na ile raha ya kusafiri pamoja imeshaisha.

Reli haina tatizo hilo, na sababu yake ni rahisi. Treni haiwezi kupanda mlima mkali, kwa hiyo waliojenga njia walilazimika kutafuta bonde na kulifuata. Wajerumani walianza kutandika reli Tanga mwaka 1893, wakafika Korogwe 1902, Mombo 1905 ikiwa na kilometa 129, na Moshi 1911. Waingereza ndio walioifikisha Arusha mwaka 1929. Kati ya Tanga na Moshi njia hiyo inapita chini ya milima ya Usambara na Upare bila kuipanda. Ukitoka Moshi unakuwa na milima mkono wa kushoto na nyika mkono wa kulia karibu safari nzima, na kwa jumla unateremka, maana Moshi iko kama mita 800 juu ya usawa wa bahari na Tanga ni pwani.

Wenzetu wa nchi nyingine wameshaligundua jambo hili. Kule Missouri, Marekani, reli ya zamani iligeuzwa kuwa njia ya baiskeli inayoitwa Katy Trail, zaidi ya kilometa 380. New Zealand wana Otago Central Rail Trail, kilometa 152, iliyofunguliwa mwaka 2000, na wazee na watoto wanaipita bila shida. Tofauti ni kwamba kwao reli ilishang'olewa. Yetu iko hai. Treni ya abiria kutoka Dar ilirudi Moshi Desemba 2019 na Arusha Oktoba 2020, na mabehewa ya mizigo yanapita pia. Kwa hiyo naomba nieleweke vizuri: hatukuendesha juu ya tuta la reli hata mara moja, na hatukuvuka daraja lolote la reli. Tulipita barabara za vumbi za mashamba na vinjia vya wapita miguu vilivyo jirani na reli, na pale vilipokatika tulirudi kwenye lami. Mtu asije akasoma hapa akaenda kupita darajani. Ukiwa katikati ya daraja treni ikatokea, huna pa kwenda.

Sasa huduma yenyewe. Duka lina baiskeli za milimani, nyingi zikiwa mitumba ya Ulaya, fremu za alumini na gia za kutosha. Bei ya kawaida ilikuwa shilingi 30,000 kwa siku kwa kila baiskeli. Tulipoeleza kwamba tunachukua kadhaa kwa siku nyingi ikashuka mpaka 22,000. Ndani ya bei hiyo kuna helmeti, pampu, tyubu za akiba, gundi na viraka, na keria ya nyuma. Tuliweka dhamana ya fedha na kuacha nakala za vitambulisho. Kwangu bei hiyo ni ya haki, na sababu ni fundi.

Fundi wao ni mzee wa makamo, mpole, hana haraka. Baada ya shikamoo, swali lake la kwanza lilikuwa, "Mizigo yenu ina kilo ngapi?" Halikuwa la fedha. Kisha akatuita mmoja mmoja. Muuguzi alipandishwa kwenye siti huku baiskeli imeshikwa, akaambiwa aweke kisigino kwenye pedeli iliyo chini na anyooshe mguu. Goti likabaki limekunjika. Mzee akatoa spana, akainua siti kiasi cha vidole viwili, akamrudisha juu, akaangalia tena, akaongeza kidogo. Baada ya hapo akapita kwenye kila rimu akibana spoku mbili mbili kwa vidole, anasikiliza, na iliyolegea anaikaza papo hapo. Shemeji, ambaye ni mgumu kusifia fundi yeyote, alisimama pembeni kimya akitazama.

Mwalimu alikuwa ameshachagua baiskeli yenye tairi nyembamba kwa kuwa ilikuwa nyepesi. Mzee akamwambia, "Mwalimu, Same kuna mchanga na kuna miiba. Hizo nyembamba waachie watu wa lami." Akambadilishia. Kabla hatujafika Lembeni mwalimu alikuwa anamshukuru kwa sauti.

Tulitoka Moshi alfajiri, mlima uko wazi nyuma yetu, tukashukia upande wa Kahe. Kahe ni stesheni ndogo, lakini ndipo reli iliyojengwa kutoka Voi, Kenya, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia ilipounganishwa na hii yetu. Kutoka hapo tukarudi kwenye barabara kuu na kulala Mwanga, tukala samaki wa Bwawa la Nyumba ya Mungu. Siku hiyo ilikuwa nyepesi na ndivyo inavyotakiwa. Siku ya kwanza msiitumie kuonyeshana nguvu.

Ugumu unaanza Mwanga kwenda Same na kuendelea mpaka Hedaru, na si wa mlima. Ni upepo. Mchana unavuma kutoka kusini mashariki, na wewe unakwenda huko huko upepo unakotoka. Kuanzia kama saa nne asubuhi unakupiga kifuani na baiskeli inakuwa nzito hata mahali pa tambarare kabisa. Hapa ndipo nilipoelewa kwa nini njia hii inawafaa marafiki. Mlimani mwenye nguvu hawezi kumgawia mwenzake nguvu hizo. Kila mtu anabeba uzito wake mwenyewe. Kwenye tambarare lenye upepo anaweza. Shemeji alikaa mbele akaukata upepo, muuguzi akajibana nyuma ya tairi lake, umbali wa kama hatua moja na nusu, mwalimu na mimi tukafuata. Ukiwa pale nyuma unausikia upepo unapungua kabisa. Shemeji akichoka anajitoa kulia, anarudi mwisho wa mstari, mwalimu anashika zamu. Saa nzima tulikuwa tunatembea mwendo mmoja, yule mshindani na yule asiyepanda baiskeli tangu utotoni, na wote wawili walikuwa wamefanya kazi ya kweli. Sijawahi kupanda mlima wowote na marafiki nikapata kitu kama hicho.

Angalizo moja: fanyeni hivyo kwenye njia za pembeni au pale barabara ina bega pana. Malori na mabasi ya njia hii yanakwenda kasi, na dereva hategemei kukuta foleni ya baiskeli. Vaeni reflekta kama za bodaboda. Duka halikutupa, tulinunua wenyewe, na nadhani zingepaswa kuwa sehemu ya huduma.

Miiba ya migunga ni habari ya kweli. Pancha zilikuja, na viraka tulivyopewa vilikuwa vizuri, vinashika. Moja ilikuwa ndogo kiasi kwamba tulishindwa kuiona wala kuisikia kwa sababu ya upepo. Tulikuwa Makanya, karibu na kibanda cha chai. Mama mwenye kibanda akatuangalia, akasema, "Wanangu, hapo mtakaa mpaka kesho," akatuletea beseni la maji. Muuguzi akazamisha tyubu kipande kwa kipande mpaka vipovu vikatokea, akaikausha kwa kanga, akaikwaruza, akapaka gundi, akasubiri ikauke kabla ya kubandika kiraka. Subira hiyo ndiyo wengi hawana. Kiraka kile kilifika Tanga.

Muda mfupi baada ya Makanya tukagundua kasoro ya kwanza ya duka. Nati ya keria kwenye baiskeli ya mwalimu ilifunguka kwa mtikisiko na begi likaanza kugusa spoku. Tuliliwahi. Tukalifunga kwa kipande cha tyubu kuukuu mpaka Hedaru, ambako fundi wa baiskeli alitupatia nati nyingine. Keria inayobeba kilo nyingi kwenye barabara ya vumbi inatakiwa nati zisizolegea, na muuza huduma anapaswa kulijua hilo kuliko mteja.

Kasoro ya pili ndiyo kubwa kwangu: mabegi ya pembeni. Tuliambiwa hayapitishi maji. Mpaka Mombo hatukuwa na sababu ya kubisha kwa kuwa ni pakavu. Baada ya Korogwe hali ya hewa inabadilika, hewa inakuwa na unyevu wa pwani, na mvua ilitukuta tukielekea Muheza. Mvua yenyewe ilikuwa ya kawaida tu, lakini ndani ya muda mfupi nguo zote zililowa, na daftari la mwalimu, ambalo alikuwa anaandika majina ya stesheni zote tulizopita, likaharibika kurasa nyingi. Iliniuma. Mkikodi hapo, kila kitu kitieni kwanza kwenye mfuko wa nailoni mgumu ndipo mkiweke begini, au nendeni na mabegi yenu.

Malazi hayakutusumbua. Mwanga, Same, Mombo na Korogwe kuna gesti safi za kati ya shilingi 20,000 na 30,000, na kila mahali tuliruhusiwa kuingiza baiskeli ndani usiku. Ulizeni hilo kabla ya kulipa. Chakula ndiyo kabisa: makande ya Upareni yanakushibisha mpaka mchana, Mombo kuna matunda yanayoteremshwa kutoka Lushoto, na Muheza machungwa ni mengi mno. Sehemu ngumu kwa maji ni kati ya Same na Mombo. Hapo kila mtu abebe lita za kutosha na ajaze tena kila anapopata, hata kama chupa haijaisha.

Kipande nilichokipenda kuliko vyote ni kuanzia Mombo mpaka Korogwe na kuendelea, kwenye mashamba ya mkonge. Barabara za mashamba ni pana, zimenyooka, hazina magari, na reli iko jirani. Mkonge uliletwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893, mwaka ule ule ujenzi wa reli ulipoanza Tanga, na ukipita pale unaona wazi jinsi vitu hivyo viwili vilivyokua pamoja. Tuliomba ruhusa kwa walinzi kabla ya kuingia shambani, wakatupokea vizuri na mmoja akatuelekeza njia ya kutokea.

Kurudi, msipange kupanda treni Tanga mjini. Treni ya abiria ya Dar na Arusha hukatia stesheni ya Mnyusi, kati ya Korogwe na Muheza, kuelekea Ruvu, haifiki Tanga. Duka lilikuwa tayari kutufuata kwa gari lakini bei yake ilikuwa kubwa mno, kwa hiyo tulirudi kwa basi, baiskeli kwenye buti zikiwa zimetolewa tairi za mbele, tukalipia kama mizigo. Elewaneni na kondakta kabla ya siku ya safari.

Tulipozirudisha, mzee alizikagua akiwa nasi, tukamweleza habari ya nati na mabegi. Nati alizibadilisha tukiwa tumesimama pale pale, za baiskeli zote. Kuhusu mabegi mwenye duka alisema ataagiza mengine. Dhamana ilirudi yote bila maneno. Kwa baiskeli na fundi nawapa alama za juu kabisa, na nitakodi tena hapo hapo. Mabegi nitakwenda na yangu.

Kwa mnaopanga: epukeni masika, Machi mpaka Mei, njia za vumbi zinakuwa tope. Juni mpaka Septemba jua ni la wastani ila upepo wa Same ni mkali zaidi, hivyo ondokeni saa kumi na moja na nusu alfajiri mkiwa na taa, na kufikia saa tano muwe mmemaliza sehemu kubwa ya siku. Januari na Februari joto la kati ya Same na Mombo ni kali mno kwa mtu asiyezoea.