Sufuria ya shaba ya urithi na mbuzi ya nazi: uzoefu wangu

Sufuria yangu ya shaba ni ile ya kizamani: nzito, tumbo pana, ndani imepakwa bati. Kwa wali wa nazi sijaona ya dukani inayoifikia. Shaba hupitisha joto karibu mara mbili ya alumini, kwa hiyo hata makaa yakilalia upande mmoja wa jiko, ukoko hutoka mwembamba na wa rangi moja chini kote.

Kila kitu kinategemea lile bati. Likififia na kuwa la kijivu halijaharibika, ndivyo linavyozeeka. Wanaolisugua kwa stilwaya ili ling'ae ndio wanaolimaliza. Cha kuangalia ni wekundu wa shaba unaochungulia. Vikiwa vistari vyembamba vya mwiko, sijali sana. Ikitokea baka la ukubwa wa kucha, naiweka kando mpaka ipakwe upya, kwa sababu ukwaju, ndimu na nyanya huila shaba na kuiingiza kwenye chakula, na kichefuchefu chake si cha mchezo. Hata bati likiwa zima, mchuzi wa ukwaju haulali humo.

Fundi wa kupaka huisafisha sufuria, akaipasha moto, akatia nushadiri (chumvi ya amonia) ili bati lishike, kisha akaliyeyusha na kulitandaza kwa pamba. Muulize mapema anatumia nini. Liwe bati tupu. Akitoa waya wa lehemu ya redio, beba sufuria yako uondoke: lehemu nyingi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Bati huyeyuka kwenye nyuzi 232 tu. Kwa hiyo sufuria haikai motoni tupu hata kidogo. Mafuta au maji yanatangulia, moto unafuata. Vitunguu vya pilau navikaanga hadi vikolee kwenye kikaango cha chuma, halafu ndipo navihamishia. Na wakati wa kupalia, makaa nayaweka juu ya sinia ya alumini, maana mfuniko wa shaba nao umepakwa bati kwa ndani na makaa yatalidondosha kwenye wali. Mwiko uwe wa mti.

Nje nasugua kwa kipande cha ndimu na chumvi, nasuuza na kufuta papo hapo. Ikiachwa na unyevu inaota ukijani.

Mbuzi haina masharti mengi hivyo. Meno yakiwa butu nazi hutoka vipande badala ya chenga. Pitisha tupa ndogo katikati ya jino na jino. Ulimi (chuma chenye meno) ukicheza, kaza msumari kabla hujaikalia mbuzi, kwani nazi huteleza na kiganja kikaishia kwenye meno. Anzia ukingoni ukizungusha kifuu, na uache ukikaribia ganda la kahawia, la sivyo tui linakuwa la kijivu. Mchele kilo 1 nautilia nazi 2: tui jepesi linapika, tui zito linaingia wali unapoanza kukauka.

Blenda ni ya haraka zaidi, sikatai, na asubuhi za kazi naitumia. Ila inasaga chicha laini mno hadi linapita kwenye chujio, na wali unakuwa na mchangamchanga mdomoni. Kwa kifumbu (kichujio cha kusuka cha kukamulia tui) na nazi ya mbuzi halipiti. Kifumbu chenyewe kianikwe juani kila baada ya kukamua; kikikunjwa kibichi, kesho yake kinanuka uvundo na tui linachukua harufu hiyo.