Wamenikatia wavuvi wangu

Nimelipa pesa nzima nikaletewa picha nusu. Hasira hazijanitoka, mnisamehe.

Niliagiza picha iliyochorwa na Oswald Achenbach ichapwe kwenye turubai, ya kutundika sebuleni. Ilikuwa mwaka huu huu, kabla au baada ya Ramadhani, sikumbuki. Huyu bwana alizaliwa Düsseldorf mwaka 1827. Kaka yake, Andreas, mchoraji pia, alishika bahari ya kaskazini, dhoruba na mawimbi ya kutisha. Oswald yeye akateremkia Italia. Mwaka 1857 akafika Napoli, na hata aliporudi kwao Ujerumani aliendelea kuichora ghuba ile miaka na miaka: jioni, mbalamwezi, mlima wa volkano Vesuvius unafuka moshi.

Lakini Vesuvius hata kwenye kadi za posta upo. Mimi nampendea watu wake. Wavuvi na nyavu zao, wanawake na vikapu, watoto wasiotaka kurudi nyumbani. Kawadonoa kwa rangi nzito. Ukisogea karibu unaona madoa tu, ukirudi nyuma hatua tatu wanatembea. Mimi mtu wa Pangani, saa hiyo ya madau kurudi naijua.

Sasa nafungua mzigo: mbingu, mlima, maji. Ufukwe wote wa chini umekatwa! Pembeni kuna kidoa chekundu, nikakifuta kwa kitambaa nikidhani uchafu. Kumbe ni kofia ya mvuvi. Mwenyewe kabaki kiwandani.

Nikawaandikia hao wachapaji. Mjibu wateja wao akaniambia kipimo nilichochagua hakikulingana na picha, ikabidi wapunguze, na hata hivyo "jambo kuu pale ni mlima". Jambo kuu kwa nani? Nikamuuliza, hakujibu tena. Kuniomba radhi ndiyo kabisa, hakuthubutu.

Niseme kweli, rangi wameipatia. Ule wekundu wa magharibi ukiangukia maji, jioni nikiwasha taa ya pembeni, nasahau ugomvi wote. Kwa hilo nilishawapa nyota tatu, na pengine kosa ni langu, sikutazama vipimo vizuri.

Halafu juzi mama kanipigia kwa video, nikamwonyesha ukuta. Akatazama, akatazama.

"Pazuri, mwanangu. Mbona pwani haina watu? Wamehama?"

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya kofia.