Kutembezwa usiku kutafuta nyoka wa sumu upande wa Bahi: gari bovu, kazi safi

Wadau, mmekuwa mnaniuliza sana hii huduma ya kutembezwa porini usiku kuangalia nyoka huku Dodoma ikoje, naandika mara moja nisije nikarudia rudia. Ni jamaa wawili, mzee mmoja wa Kigogo aliyekulia huko huko na kijana aliyesomea wanyamapori, hawana ofisi wala bango, unawapata kwa kuunganishwa na mtu. Bei 80,000 kwa kichwa. Gari ni Noah iliyochoka, dirisha la nyuma halifungi, vumbi lote mtalila nyie, hapo sina cha kuwasifia.

Ila kazi wanaijua bwana. Kabla hatujatoka kijana alipiga simu hospitali mbili, haulizi kama kuna daktari, anauliza dawa ya sumu ya nyoka ipo au haipo, maana ile dawa ni ghali na sehemu nyingi hamna kabisa. Moja wakasema imeisha, akatuambia wazi kabisa, likitokea la kutokea hapo tunapapita, tunaenda ile nyingine. Abiria mmoja akachomoa jiwe la nyoka lile jeusi wanalosema linanyonya sumu, mzee akamwambia "hilo libaki mfukoni mwanangu, ukiumwa hapa hatuchanji wala hatunyonyi, tunakufunga banzi utulie tunakimbia". Mimi hapo hapo nikaona hela yangu haijapotea.

Mnaanza na gari, mwendo wa kinyonga kwenye barabara ya vumbi giza likishaingia, kwa sababu ardhi inakuwa bado na joto la mchana na kifutu anapenda kujilaza hapo. Tulimkuta mmoja, mfupi mnene, mgongoni ana michoro kama vichwa vya mishale, na taa zote zile hajatikisika hata kidogo!! Ndio ubaya wake huo, yeye hakimbii, anategemea rangi yake imfiche, ndio maana watu wanamkanyaga. Tulipomzunguka kwa mbali akaanza kuvuta pumzi na kuitoa kwa kelele, mzee akasema basi, ameshatuambia, turudi nyuma.

Baadae mnashuka mnatembea mstari mmoja, gambuti na tochi za kichwani wanatoa wao. Hukanyagi pasipo na mwanga, gogo unalipanda juu kwanza unachungulia upande wa pili ndio unashuka, mkono hauingii chini ya jiwe. Na miwani ile ya plastiki ya mafundi, kwa ajili ya swila, huyo anatema sumu mita 2 na zaidi na analenga macho. Wanabeba na dumu la maji safi la kuoshea macho tu, marufuku kunywa. Miwani yenyewe lakini imekwaruzika mpaka unaona ukungu, kama unayo yako beba.

Sasa wale wanaoenda kwa ajili ya koboko (black mamba), sikilizeni, koboko anatembea mchana, usiku amelala kwenye kichuguu au shimo la mti, kwa hiyo ukikutana na mtu anakuahidi utamwona saa nne usiku huyo anataka hela yako. Hawa walisema ukweli kabla hatujalipa. Tulipita karibu na kichuguu kikubwa chenye matundu, mzee akatuzungusha mbali kabisa bila maelezo, kijana ndio akatuambia baadae kwamba kuna mwenye nyumba. (Halafu kuna jamaa alikuwa anatafuta nyoka mweusi tii, kumbe koboko mwili wake ni wa kijivu, cheusi ni ndani ya mdomo.)

Picha ruksa, ila hakuna kumgusa wala kumkamata, kuna mteja alitaka amshike kifutu mkia apige selfi, wakamwambia akisogea hatua moja tena wote tunarudi mjini na hela hairudi. Alinuna njia nzima. Mimi nawapa 4 kwa 5, hiyo 1 imeliwa na Noah.

Nendeni mvua zikianza, Desemba hivi mpaka Aprili, vyura wakitoka na nyoka wanatoka, kiangazi mnaweza kuzunguka usiku mzima mkaona nge tu. Watoto chini ya miaka 16 hawachukui, msijisumbue kumbembeleza mzee.