Discovery 3 iliyotumika katika milima ya Mbeya: ubovu wake na gharama zake

Land Rover Discovery 3 yenye injini ya dizeli ya lita 2.7 ilianza kuuzwa mwaka 2004 na nafasi yake ikachukuliwa na Discovery 4 mwaka 2009, hivyo kila gari la aina hii unaloliona leo Mbeya au Iringa limeshapita mikononi mwa watu kadhaa. La kwangu nimelitumia kwa miaka mitatu, nikiishi Uyole na kusafiri mara kwa mara kwenda Tukuyu, Makete na Njombe. Wengi wameniuliza kama linafaa kununuliwa. Ninavyoona, linamfaa mtu ambaye akishamlipa muuzaji atakuwa bado na akiba isiyopungua theluthi ya bei hiyo, kwa sababu katika gari hili kifaa kidogo kikipuuzwa huharibu kikubwa kilicho jirani nacho.

Uzuri wake sina haja ya kuueleza kwa kirefu. Injini ina nguvu farasi 190, na ingawa gari lina uzito wa zaidi ya tani mbili na nusu, linapanda mlima Kitonga likiwa na watu saba na mizigo yao bila kulalamika, na abiria hushuka hawajachoka.

Utulivu huo unatokana na springi za hewa, na hapo ndipo fedha nyingi huanza kutoka. Kila gurudumu limebebwa na begi la mpira lililojazwa hewa, na hewa hiyo inasukumwa na kompresa iliyofungwa chini ya gari, mahali panaporushiwa matope na vumbi. Mpira ukizeeka hupata nyufa ndogo zinazovujisha hewa polepole, gari likaamka asubuhi limelala upande mmoja, na kompresa ikalazimika kufanya kazi muda mrefu kuliko ilivyokusudiwa hadi ikaungua. Aliyeniuzia gari langu alikuwa ameishi na uvujaji huo bila kuushughulikia, na akaniambia kwamba kulala kwake ni kawaida ya magari haya. Miezi minne baadaye nilinunua begi moja la mbele kwa shilingi 850,000 na kompresa kwa shilingi 1,200,000, zote zikitoka Dar es Salaam, nikamlipa fundi shilingi 200,000. Begi lingebadilishwa mapema, kompresa ingeweza kupona. Ninawasihi wanunuzi wasikubali ushauri wa kung'oa mfumo wa hewa na kufunga springi za chuma kama njia ya kubana matumizi, kwa maana gari hupoteza uwezo wa kujiinua kwenye njia mbovu, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kulinunua.

Hendibreki yake ni ya umeme. Ndani ya magurudumu ya nyuma kuna viatu vya breki vinavyokusanya vumbi, na visiposafishwa na kurekebishwa mota ya hendibreki huvuta kupita kiasi, ikatoa mlio mkali wa kukwaruza na hatimaye ikavunjika. Anayepita barabara za vumbi za Makete ahakikishe vinafunguliwa na kusafishwa angalau mara moja kwa mwaka. Kazi hiyo ni ya saa chache, ilhali mota mpya inagharimu fedha nyingi. Bushi (mipira ya viungo) za mikono ya chini inayoshikilia magurudumu ya mbele nazo huchakaa mapema kwa sababu ya uzito, na dalili yake ni usukani kutetemeka unapofunga breki mteremkoni.

Gia boksi ni ya ZF yenye gia sita, na nitaizungumzia kwa msisitizo kwa kuwa wengi wameambiwa kwamba oili yake haibadilishwi maisha yote ya gari. Kampuni ya ZF yenyewe inapendekeza ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Gereji moja mjini iliniwekea oili ya hidroliki ya kawaida badala ya oili inayotakiwa, na baada ya wiki mbili gari likaanza kutetemeka kila lilipokuwa kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Ilibidi oili yote imwagwe, sampo, yaani bakuli la oili chini ya gia boksi, yenye chujio ndani yake ibadilishwe, na mfumo usafishwe kwa kujazwa oili sahihi mara mbili. Nilitumia shilingi 1,150,000 kurekebisha kosa ambalo lingeepukika kwa kusoma maandishi ya kwenye galoni.

Valvu mbili za kurudisha moshi kwenye injini huziba masizi, hasa kwa gari linalozunguka mjini tu, kisha gari likapoteza nguvu. Zikisafishwa mapema hakuna gharama kubwa.

Kinachohitaji woga wa kweli ni injini yenyewe. Ina belti mbili, ya mbele ya taimingi na ya nyuma inayozungusha pampu ya dizeli, na mafundi wengi hubadilisha ya mbele wakaisahau ya nyuma. Aidha, injini hizi zinajulikana kwa kuvunjika kranki shafti, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, wakati mwingine bila onyo lolote, na hapo mmiliki hutafuta injini nyingine. Hakuna kinga kamili, lakini oili safi yenye viwango sahihi husaidia. Mimi humwaga kila kilomita 8,000, ingawa ratiba ya Uingereza iliruhusu takribani 24,000.

Jambo jingine ni fundi. Gari hili halitengenezwi kwa kusikiliza mlio peke yake. Fundi asiye na mashine ya kusoma hitilafu atabadilisha spea kwa kubahatisha, na kila kubahatisha unakulipia wewe. Betri dhaifu pekee, katika baridi ya Juni na Julai huku kwetu, huwasha taa za tahadhari za mifumo mitatu isiyo na ubovu wowote.

Ukienda kulitazama la kununua, mwombe muuzaji aliache usiku kucha mahali tambarare bila kuliwasha, nawe ufike alfajiri kabla hajafika yeye. Tazama kama pembe zote nne ziko sawa, gusa boneti uhakikishe ni ya baridi, kisha ndipo liwashwe mbele yako. Mwenye gari akikataa masharti hayo, ondoka na fedha zako.